Pistoni yenye nyuzi: nguvu yake iko wapi joto linapopanda?

Mfanyabiashara anayenunua injini ya dizeli iliyotumika hutazama zaidi bei na mlio. Somo letu wiki hii linaongeza jambo la tatu: joto ambalo injini hiyo imepitia.

Pistoni nyingi ni za aloi ya alumini, kwa sababu ni nyepesi. Lakini alumini huyeyuka kwenye sentigredi 660, na hata kwenye 300 huwa imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Mwaka 1983 kampuni ya Toyota ya Japani ilileta sokoni injini za dizeli ambazo pistoni zake zimeimarishwa kwa nyuzi fupi za kauri kwenye mfereji wa ringi ya juu, mahali penye joto na msuguano mkubwa. Nyuzi hizo zilichukua nafasi ya pete nzito ya chuma cha kusubu.

Je, nguvu inatoka wapi? Kauri hustahimili joto kali kuliko alumini. Hata hivyo, alumini ndiyo hupokea mzigo na kuukabidhi kwa nyuzi. Ni kama dalali: mwenye mali yupo, mnunuzi yupo, lakini dalali akilegea biashara haifungwi.

Dalali huyu hulegea kwa njia tatu. Kwanza, joto likizidi alumini hulainika. Uzi hubaki mzima lakini mzigo haumfikii. Pili, alumini hutanuka karibu mara tatu ya kauri, hivyo kila injini inapowaka na kupoa mshikano wao huvutwa, na mwishowe nyufa huanza. Tatu, baadhi ya nyuzi, kama za kaboni, zikikaa ndani ya alumini kwenye joto kali huzaa kabaidi, kitu kinachovunjika kirahisi.

Msomaji afanye nini? Nyuzi hizo hazionekani kwa macho, kwa hiyo pistoni mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana sana ndani. Linganisha namba ya spea, si umbo peke yake. Injini iliyowahi kuchemsha ipunguziwe bei au iachwe, hata kama inang'aa. Na ukishawishiwa kuwekeza katika metali mpya yenye nyuzi, usiulize tu ina nguvu kiasi gani. Uliza: katika joto gani, na kwa muda gani?