Kabla ya Kuchomeka Nukushi, Ijue Laini Yako

Mashine ya nukushi, au faksi kama wengi tunavyoiita, kazi yake ni kupiga simu. Hufungua laini, hupiga namba, husubiri upande wa pili upokee, kisha mashine mbili huanza kuongea kwa milio. Inayopiga hutoa mlio mfupi wa hezi 1100, ikinyamaza sekunde tatu na kurudia. Inayopokea hujibu kwa mlio mrefu wa hezi 2100. Zikishaelewana, ukurasa huanza kusafiri. Ndiyo maana hitilafu nyingi zinazolaumiwa kwa mashine chanzo chake ni laini.

Faksi za kawaida zilitengenezwa kwa ajili ya laini ya analogia, yaani ule waya wa shaba wa simu ya mezani. Ukiwa nao, upime kwanza. Chukua simu ya mezani isiyo na mambo mengi, ichomeke kwenye soketi ya ukutani, sikiliza mlio wa laini, kisha mpigie mtu mwongee kidogo. Mkisikia mikwaruzo, mwite fundi akague waya kabla hujaitoa mashine kwenye boksi lake. Binadamu huelewana hata simu ikikwaruza, lakini faksi hukata au hutoa ukurasa wenye mistari.

Laini ikiwa safi, kuunganisha ni kazi ndogo. Nyuma ya mashine kuna matundu mawili yanayofanana sana. Waya wa ukutani uingie kwenye tundu lililoandikwa LINE, na simu ya mezani kwenye lile la EXT au TEL. Usiigawe laini ukutani ili simu na faksi zikae sambamba, kwa sababu mtu akiinua mkonga wakati ukurasa unapita, mawasiliano huharibika. Simu ikipitia kwenye mashine, mashine nyingi huitenga kwa muda hadi kazi iishe. Iondoe pia huduma ya kukujulisha kuwa kuna simu nyingine inasubiri. Ule mlio wake mmoja unatosha kukata ukurasa.

Nyumbani ambako namba ni moja kwa watu na karatasi, chagua mpangilio wa simu na faksi kwa pamoja, ili mashine ipokee, isikilize, na ikikuta ni mtu iite. Kwa ofisi inayopokea nyaraka kila siku, napendekeza namba ya peke yake. Na kama intaneti ya ADSL inapita kwenye waya huohuo, weka kichujio kati ya soketi na faksi. Bila hicho, kelele za modemu zitaingia kwenye ukurasa.

Ofisi zenye swichibodi ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Laini za mezani humo mara nyingi ni za kidijitali, na tundu lake hufanana kabisa na la simu ya kawaida. Usichomeke faksi hapo kwa kubahatisha: haitafanya kazi, na umeme wa laini hiyo unaweza kuidhuru. Mwombe fundi wa swichibodi akupe laini ya ndani ya analogia. Kama kutoka nje kunahitaji kubonyeza 9 au 0 kwanza, hifadhi namba zako zikiwa na kituo kifupi baada ya tarakimu hiyo, kwa kitufe cha PAUSE, ili laini ya nje ipate muda wa kufunguka.

Simu za mezani zinazotumia kadi ya simu ya mkononi nazo huwapotosha wanunuzi. Nyingine zina tundu la waya, lakini mtandao wa mkononi hubana sauti kwa namna inayoifaa sauti ya binadamu, na milio ya faksi huharibika njiani. Usizitegemee.

Kwenye laini ya faiba, sauti hukatwa vipandevipande na kutumwa kama data. Muulize mtoa huduma kama anawezesha T.38, utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya kupitisha faksi kwenye mitandao ya aina hiyo. Asipokuwa nao, shusha kasi ya mashine hadi biti 9600 kwa sekunde. Mara nyingi husaidia. Mafundi wengine watakushauri uzime ECM, ule mfumo wa kurudia sehemu zilizoharibika. Kurasa zitapita, ila zinaweza kufika na mistari iliyovurugika. Kwa ankara, mkataba au majibu ya maabara, mimi nisingekubali.

Msimu wa mvua, radi ikikaribia, chomoa waya wa umeme na wa simu pia, maana radi hupitia njia zote mbili.

Mwisho, waulize unaotaka kuwatumia kama bado wanapokea faksi. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilipiga marufuku ununuzi wa faksi mpya kuanzia Januari 2019, na nchi hiyo imepanga kuuzima mtandao wake wa zamani wa simu Januari 2027. Kabla hujalipia mashine, mwombe muuzaji aijaribu kwenye laini yako mwenyewe, kwa kutuma ukurasa mmoja na kupokea mmoja.