Wiki ya tano, machozi bado hayajakauka

SWALI: Daktari, mwanangu wa kwanza ana wiki tano. Tumepanga chumba hapa Kariakoo. Mama alikuja kutoka Tanga kunilea, lakini baada ya wiki mbili akarudi. Mume wangu anatoka dukani kwake usiku. Nashinda nalia, na hata mtoto akilala usingizi haunijii. Jirani anasema mtoto analia kwa kuwa tumembemenda, yaani tumemdhuru kwa kukutana kimwili mapema. Kuna saa namtazama nisihisi chochote. Je, mimi ni mama mbaya? – Mzazi, Kariakoo

JIBU: Hapana, mwanangu, wewe si mama mbaya. Unayoyaeleza ni dalili za ugonjwa, na ugonjwa huo unatibika.

Machozi ya siku ya tatu au ya nne huwapata wazazi wengi, homoni zinaposhuka ghafla, na hukoma yenyewe ndani ya wiki mbili. Yako yamevuka hapo. Yakiambatana na kukosa usingizi na moyo mtupu, tunashuku sonona ya baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua.

Hilo la kubemenda litoe moyoni. Kilio cha watoto wachanga huongezeka wiki hadi wiki, kikafika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Kama ananyonya vizuri na uzito unapanda, hamjamkosea kitu.

Kinachoniuma ni kwamba arobaini yako ya uzazi imekatwa katikati. Kukandwa maji ya moto, kupikiwa mtori, kupokewa mtoto usiku: hayo yote yalimpa mzazi nafasi ya kulala, na kukosa usingizi huzidisha sonona. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84 na baba siku 3, lakini mwenye duka lake hana wa kumpa likizo. Basi mumeo ajipe mwenyewe. Msomee jibu hili. Afunge mapema, ampokee mtoto, nawe ulale saa nne mfululizo. Mama akishindwa kurudi, mwiteni wifi au mama mdogo.

Hudhurio la mwisho la kliniki baada ya kujifungua ni kati ya siku ya 29 na ya 42, yaani sasa. Nenda hata Hospitali ya Mnazi Mmoja, si mbali na hapo. Usiishie kwenye mizani ya mtoto. Mwambie muuguzi kama ulivyoniambia mimi, umwombe akupeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Mazungumzo husaidia sana, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kukupa huku unanyonyesha.

Lakini ukisikia sauti wasizozisikia wengine, au likakujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje miadi. Mumeo akupeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na msiachwe peke yenu wewe na mtoto.