Taa ya faiba ni ya kijani, mbona laivu inaganda? Angalia anwani kabla hujaita fundi

Somo la leo ni kwa mliovuta faiba dukani au nyumbani na bado intaneti inawasumbua. Nimelisomea kwa hasira, maana lilinila hela.

Jumamosi moja nilikuwa laivu na viatu vya mtumba, gredi ya kwanza. Watu wanaandika "nataka" moja juu ya nyingine, picha ikaganda. Ikarudi, ikaganda tena. Nilifunga nikiwa nimeuza pea nne, na Jumamosi yangu ya kawaida haishuki ishirini. Nikapiga simu kwenye kampuni ya intaneti, wakasema laini yako ipo safi. Nikaita fundi, akakata kichwa cha waya akaweka kipya, akachukua 30,000 akaondoka. Jumatatu, yale yale.

Kumbe kampuni walikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa nyuma ya kaunta yangu, kwenye swichi niliyonunua mimi mwenyewe.

Tuanze na faiba. Ndani ya ule waya hamna shaba, kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na kinachopita ni mwanga. Hata kebo ya SEACOM iliyopita chini ya bahari na kuanza kazi Dar mwaka 2009 ni kioo na mwanga vilevile. Kwa sababu ni kioo, ukiukunja kona kali au ukaukandamiza na kabati mwanga unavuja, hata kama waya haujakatika. Na ukichomoka, usichungulie ncha yake. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyaumiza.

Waya huo unaingia kwenye kiboksi cha ukutani kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Kina taa, na mbili ndizo muhimu. PON ikiwa ya kijani na imetulia, mwanga unafika na kampuni inakutambua. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: huo ni mzigo wa kampuni, wapigie uwaambie "LOS nyekundu", hawatakuzungusha kukwambia uzime uwashe. Mimi LOS yangu ilikuwa imezima na PON ya kijani. Hapo nilitakiwa kujua kwamba tatizo linaweza kuwa kwangu, ila sikujua, nikaita fundi.

Sasa anwani. Kila kifaa dukani, simu, laptopu, printa ya lebo, kamera, kinahitaji anwani ya IP, mfano 192.168.1.23. Anayezigawa ni ruta (kwa wengi wetu ruta na kile kiboksi cha faiba ni kitu kimoja). Ruta yenyewe ina ya kwake, mara nyingi 192.168.1.1, na hiyo ndiyo mlango wa kutokea nje. Simu yako ikitaka kwenda Instagram inauliza kwanza, "nani ana 192.168.1.1?" Ruta inajibu "mimi," mzigo unapita. Wakijibu wawili, simu inamfuata mmoja wao, na dakika chache baadaye inaweza kumfuata mwingine. Ikimfuata ruta, intaneti ipo. Ikimfuata yule mwingine, hamna kitu. Ndiyo ile "inakuja inakata" inayotutesa.

Swichi (siyo ya taa, namaanisha kile kiboksi cha matundu mengi ya waya) za bei rahisi hazina shida hii. Zenyewe zinapitisha mzigo kwa kusoma namba ambayo kila kifaa kimezaliwa nayo kiwandani, hazina IP ya kwao. Ila kuna zile zenye ukurasa wa mipangilio, za maofisini. Hizo zina IP. Mimi nilinunua ya namna hiyo, imetumika, kwa sababu ilikuwa na matundu 8 na bei ilikuwa ya kuokota. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameiachia 192.168.1.1.

Nilivyogundua: niliandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari cha laptopu ili nione ruta. Ukafunguka ukurasa wa swichi! Nikachomoa waya unaotoka swichi kwenda kwenye ruta, nikahamia waifai, nikaandika tena namba ile ile. Safari hii ikaja ruta. Nilikaa chini kwanza nikacheka, halafu nikaikumbuka 30,000 yangu.

Kurekebisha kulichukua kama nusu saa. Swichi ikiwa peke yake, nilibonyeza kitundu cha riseti kwa pini mpaka taa zote zikawaka pamoja. Ikarudi kwenye anwani ya kiwandani, ambayo kwa yangu ni 192.168.0.1, imeandikwa kwenye stika chini pamoja na neno la siri. Nikaunganisha laptopu kwa waya, nikaipa laptopu anwani kwa mkono, 192.168.0.10, ili ziwe mtaa mmoja. Usipofanya hivyo ukurasa haufunguki, na hapo ndipo wengi wanadhani swichi imekufa. Nikaingia, nikaipa 192.168.1.2, nikahifadhi. Kuhifadhi ni kitufe chake mbali, ukisahau umeme ukikatika inarudi ilikotoka. Neno la siri nalo nikabadilisha. Mwisho nikairudisha laptopu kwenye kujitafutia anwani yenyewe, halafu ndiyo nikarudisha waya wa ruta.

Printa nayo ilikuwa na kesi ndogo ya aina hiyo. Niliipa anwani ya kudumu 192.168.1.105, huku ruta inagawa kuanzia 100 hadi 200. Kuna siku ruta ilimpa mteja aliyeomba waifai ile 105, lebo zikagoma kutoka na bodaboda yupo mlangoni anapiga honi. Kifaa cha kudumu kipe namba iliyo nje ya zile zinazogawiwa. Yangu sasa ni 50.

Na wale mnaotumia ruta ya zamani kusogeza waifai stoo: hiyo nayo inagawa anwani, kwa hiyo dukani kuna wagawaji wawili. Izimie kugawa (kwenye mipangilio imeandikwa DHCP), ibadilishie anwani, halafu waya uchomeke kwenye tundu la LAN, siyo WAN. Basi.

Jinsi ya kupima bila kifaa chochote: shika simu, ingia kwenye mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wako, soma IP. Ikianza sawa na ya ruta, ugawaji upo sawa, lakini wawili wanaweza bado kugombea mlango, kwa hiyo jaribu na ile ya kivinjari. Ukiikuta inaanza na 169.254, kwenye laptopu hasa, maana yake kifaa kiliomba anwani kikakosa wa kukijibu, kikajipa chenyewe. Hapo angalia waya kwanza, kisha washa ruta upya. Na kama ugomvi ulianza baada ya umeme kurudi, chomoa vyote, washa ruta, subiri PON itulie, swichi ifuate, vingine mwisho.

Kwangu nimebandika karatasi ubavuni mwa ruta: ruta 1, swichi 2, printa 50, kamera 51. Kijana anayenisaidia dukani hajui IP ni nini, lakini anajua hizo namba nne hazipewi kifaa kingine.