SOMO: NAMNA MAANDIKO YA SIRI YANAVYOVUNJWA



Katika filme tunaona mpelelezi anaikaa mbele ya ordinateri, anabonyeza mara moja tu, na siri yote ya adui inafunguka. Wengi waliniuliza kama mashine ya namna ile iko kweli. Jibu langu ni hili: mashine zilikuwako, lakini zilianza na kosa la mtu, na jicho la mtu mwingine aliyeliona.

1. Shule ya Mombasa

Mwezi wa 4 mwaka 1942, ndege za Japani zilipiga Colombo, mji wa kisiwa kinachoitwa leo Sri Lanka. Waingereza walikuwa na watu kule wa kuvunja maandiko ya siri ya Wajapani. Wakawavusha bahari mpaka Kilindini, bandari ya Mombasa katika Kenya, wakawaweka katika shule ya Allidina iliyotwaliwa juu ya vita. Ndiyo, shule! Redio ilisikika vibaya pale. Lakini mwezi wa 9 Wajapani wakafanya kosa katika maandiko ya meli zao za biashara, yaliyoitwa JN-40. John MacInnes na Brian Townend wakalishika lile kosa. Kufika mwezi wa 11, walikuwa wanasoma kila habari namna ilivyoingia. Meli ikijulikana iko wapi, inaweza kupigwa. Mwaka 1943 wakarudi Colombo.

2. Namna ya JN-40

Kwanza kulikuwa na jedwali la vikundi 100 vya tarakimu mbili mbili. Kisha tarakimu zilichanganywa kwa safu. Tujaribu kwa Kiswahili. Tuseme me ni 41, li ni 07, ke ni 36, sho ni 58. "Meli kesho" inakuwa 41 07 36 58. Sasa andika chini ya ufunguo 3 1 4 2, tarakimu nne kwa kila mstari:

3 1 4 2
4 1 0 7
3 6 5 8

Soma kila safu toka juu kwenda chini, kwa kufuata ufunguo: safu ya 1, ya 2, ya 3, ya 4. Unapata 16 78 43 05. Angalia vizuri: kila silabi imepasuliwa vipande viwili, na kila kipande kiko mahali pengine. Ndiyo sababu ilikuwa nguvu kuivunja.

3. Na mashine?

Tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1941, Mjerumani mmoja alituma habari ndefu kwa mashine ya Lorenz. Hawakuipata vizuri, akaituma tena kwa ufunguo uleule, lakini safari hii akafupisha maneno. Uvivu kidogo tu! Waingereza wakalinganisha zile mbili. Bill Tutte, kwa kreyo na karatasi, akatambua namna mashine ile ilivyotengenezwa ndani, na hakuwa ameiona hata siku moja. Baadaye tu ndipo Tommy Flowers alitengeneza Colossus, yenye lampu za redio zaidi ya 1,500, ikaanza kazi Bletchley Park mwanzo wa mwaka 1944. Colossus ilihesabu mbio sana, lakini njia ya kuhesabu ilitoka kwa watu.

4. Kikaratasi cha hapa kwetu

Mwaka jana niliokota karatasi chini ya meza, saa ya masomo ya usiku. Ilikuwa paka tarakimu. Nikakumbuka kwamba neno la Kiswahili linaishia karibu kila mara na a, e, i, o au u. Nikatazama mwisho wa kila neno: tarakimu tano tu zilikuwa zinarudi. Ile iliyozidi zote nikaiita a. Kwa saa moja nikasoma yote. Wadogo zetu wawili walipanga kuacha shule na kwenda kuchimba mawe, juu pesa ya masomo ilikosekana nyumbani.

Nilifurahi sana kuvunja, kisha furaha ikaisha. Nikimwambia mkubwa wa shule, watafukuzwa labda. Nikinyamaza, shimo linaweza kuwafunika. Nikawaita wote wawili nyuma ya bweni, nikawarudishia karatasi yao. Mmoja alilia, akakubali twende pamoja kwa mwalimu wa kalasi, naye akaomba muda wa kulipa. Huyo yuko nasi. Mwingine alisema nimemwiba siri yake. Wiki iliyofuata akaenda. Hata leo sijui kama ningeweza kusema naye vizuri zaidi.

Basi, mujifunze hesabu, munapenda ama hamupendi. Na mukivunja siri ya mtu, mujue kwamba kazi ngumu inaanza pale.

ZOEZI. Ufunguo ni uleule, 3 1 4 2. Jedwali: ba 12, ke 36, ki 90, le 25, li 07, me 41, sho 58, shu 64. Musome: 24 05 16 92.

Wa kwanza kulijibu aniletee kaye yake. Yule aliyeenda, kama gazeti hili linamfikia, alijaribu naye. Ana akili ya kulijibu.

Kapita wenu, mwaka wa sita