"Atazoea Tu"

Kuna ushauri mmoja ambao mwalimu wa Tanzania hakosi kuwa nao mfukoni: "Mwache, atazoea tu." Mtoto analia siku ya kwanza shuleni, atazoea. Hataki mchakamchaka, atazoea. Kwa watoto wengi ushauri huu unafanya kazi, ndiyo maana umedumu. Mimi naandika kuhusu mtoto ambaye kwake haufanyi kazi, kwa sababu wengi wetu tunaosoma ualimu hapa chuoni tutakabidhiwa madarasa ndani ya mwaka mmoja au miwili ijayo, na mtoto huyo tutamkuta humo.

Namzungumzia mtoto mwenye usonji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Piga hesabu mwenyewe. Shule ya kata yenye wanafunzi 600, kwa wastani huo, ingekuwa nao wanne au watano.

Darasani tunafundishwa kwamba usonji ni ugumu wa kuwasiliana na kuchangamana, pamoja na tabia za kurudiarudia. Suala la milango ya fahamu huwa linapewa slaidi moja, tena ya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kufunga mabegi. Wakati lilionekana tangu mwanzo kabisa! Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowachunguza, alieleza kuwa baadhi yao walishikwa na hofu kubwa kwa sababu ya vitu vya kawaida tu: lifti, mashine ya kufyonza vumbi, hata upepo. Akaona na jambo jingine la ajabu. Mtoto huyohuyo aliweza kupiga kelele kubwa kuliko ile aliyoiogopa, na akafurahia. Kilichomtesa ni kelele iliyomvamia, siyo aliyoianzisha mwenyewe. Hilo la Kanner lishike, nitalirudia. Pamoja na hayo ilichukua miaka 70, hadi 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaoitwa DSM-5 kuingiza rasmi suala la hisi katika dalili za usonji.

Sasa tuelewane kwanza kinachotokea. Hapo ulipokaa kwenye kimbweta, kuna feni inalia, kuna mtu anacheka nyuma yako, lebo ya shati inagusa shingo, harufu ya chipsi inatoka kantini. Mpaka nilipokutajia ulikuwa huvisikii wala huvihisi, kwa sababu ubongo wako unachuja. Kwa watu wengi wenye usonji kichujio hicho kinafanya kazi tofauti. Vyote vinaingia pamoja, kila kimoja kikidai kusikilizwa. Sauti ya mwalimu na sauti ya feni zinafika zikiwa na uzito mmoja.

Na shule zetu, jamani, zimejaa vitu vya kuingia. Kengele yenyewe ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe na kugongwa kwa nondo, tena bila taarifa. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, hata mimi nisiye na usonji naacha kufundisha. Kuna darasa zima kuitikia kwa pamoja "Ndiyo mwalimuuu!" Kuna vumbi la chaki na la fagio za asubuhi, harufu ya choo upepo ukigeuka, kola ya sare mpya iliyopigwa wanga ikakakamaa. Kwa watoto wa kike kuna kusukwa. Kila msichana anajua kusukwa kunauma, lakini kuna mtoto ambaye kwake kuvutwa nywele kunafika mahali ambapo sisi hatujawahi kufika, na anabanwa katikati ya magoti ya shangazi akiambiwa anadeka. Nyumbani anakataa mlenda kwa sababu ya ule utelezi mdomoni, anaambiwa anachagua chakula kama mtoto wa tajiri.

Taa za tyubu nazo zina jambo lake. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu ya zamani inayotumia choki inapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho la wengi haling'amui. Wapo watu wenye usonji wanaosema wanauona mpepeso huo na wanausikia ule mlio wa choki, na ukurasa wa kitabu unawachezea machoni. Ukikaa chini ya taa hiyo saa mbili za mtihani, alama zako zinapima hisabati au zinapima taa?

Kuna upande wa pili ambao hauonekani kama shida, kwa hiyo tunaupuuza. Wapo wanaohisi kidogo mno, na wanautafuta mguso. Mtoto anazunguka kama pia, ananusa kila daftari, anajibana kwenye kona kati ya kabati na ukuta. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama wa Marekani ambaye ana usonji, akiwa kijana aliona ng'ombe wakitulia walipobanwa kwenye kizimba cha kuchanjia, akajitengenezea mashine ya kujibana yeye mwenyewe. Huyohuyo hakuvumilia kukumbatiwa. Tofauti ni ileile aliyoiona Kanner: mashine aliiongoza kwa mkono wake, kumbatio lilimjia tu. Mtu mmoja anaweza kuwa na pande zote mbili, kwa hiyo usishangae anayeziba masikio kengele ikilia ndiye anayegonga dawati dakika tano baadaye.

Nilichojifunza zaidi nilikipata TP mwaka jana, katika shule ya sekondari ambayo sitaitaja. Kulikuwa na kijana wa kidato cha kwanza aliyebainika kuwa na usonji tangu akiwa mdogo. Hisabati alikuwa anawaburuza wenzake. Ila karibu kila siku baada ya mapumziko ya saa nne aliingia chini ya dawati, mikono masikioni, na ukimgusa anapiga ukunga. Mwalimu wa zamu aliita kiburi. Wanafunzi waliita mapepo. Kiboko kilitembea.

Mama yake alipoitwa hakugombana na mtu. Aliuliza swali moja tu: "Kabla ya hapo alikuwa wapi?" Tukaanza kuhesabu naye. Saa moja na nusu mstarini, juani, na ngoma ya bendi. Halafu vipindi vitatu katika darasa la watu zaidi ya 70, wawili wawili wakisuguana viwiko. Halafu foleni ya uji kwenye moshi wa kuni, vikombe vya bati vikigongana. Halafu nondo kwenye rimu. Mwalimu wa kipindi cha baada ya mapumziko ndiye aliyemwona akilipuka, kwa hiyo alidhani somo lake ndilo linalochukiwa, wakati mzigo ulianza kupakiwa asubuhi. Siku nyingine kilichomwangusha kilikuwa kidogo mno, kalamu iliyodondoka tu, na hapo ndipo watu walisema anaigiza.

Walichobadilisha hakikuhitaji bajeti. Alihamishiwa dawati la pembeni karibu na mlango. Uji akawa anakunywa chini ya mwarobaini na rafiki yake mmoja. Rafiki huyo, mwenye saa, alimwambia "bado dakika mbili" kabla ya kila kengele. Kengele haikupungua sauti hata kidogo, ila iliacha kumvamia. Katika wiki tatu nilizobakiza pale nilimwona chini ya dawati mara mbili.

Mtu atasema, lakini si angezoea mwishowe? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha kazi yao waliyopiga picha za ubongo wa vijana wenye usonji huku wakiwasikilizisha kelele na kuwagusisha kitambaa kinachokwaruza. Kwa kawaida sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala, inayohusika na hofu, hustuka kisha ikapoa kadiri jambo linavyojirudia. Huko ndiko kuzoea. Kwa vijana waliokuwa na shida kubwa ya hisi, kupoa huko hakukutokea kama kwa wenzao. Utafiti wenyewe ulikuwa mdogo, lakini unalingana na wanayoyasema watu wazima wenye usonji: hawakuzoea, walijifunza kunyamaza. Anayenyamaza tunamsifu kuwa ametulia. Akifika bwenini anazima kabisa, hazungumzi mpaka kesho.

Swali ninaloulizwa sana na wenzangu wa kozi ni namna ya kutofautisha na kudeka. Anayedeka anakuchungulia kama unamwona, na ukimpa anachotaka ananyamaza. Aliyezidiwa hata ukimpa dunia hanyamazi, kwa sababu hakuna anachodai. Ukimkuta katika hali hiyo punguza maneno, maana sauti yako nayo ni kelele. Usimshike bila kumwambia. Mpeleke penye kivuli na kimya, kaa mbali kidogo, na usimhoji hadi saa moja ipite. Na tafadhali, siyo kila anayeziba masikio ana usonji, hiyo kazi ya kutambua tuwaachie wataalamu. Kumhamisha dawati hakuhitaji cheti cha daktari.

Nimalizie na hapa kwetu, maana mtoto mwenye usonji hakui akaisha. Anafanya mtihani wa kidato cha sita kama wewe, anapata bumu kama wewe, na anaweza kuwa ni yule mnayemwita mwenye maringo kwa sababu hakai kantini. Chumba cha wanne mnalala wanane mkibebana, mmoja anapaka manukato, mwingine anakaanga dagaa kwenye jiko la umeme lililokatazwa, wa tatu anaangalia muvi bila spika za masikio. Huyo wa manne anasomea ngazini saa nane usiku, na ngazini kuna tyubu inayopepesa iliyoripotiwa tangu muhula uliopita.

Ile tyubu ibadilishwe. Maktaba itenge chumba kimoja kisicho na maongezi ya makundi. Na wagombea wa serikali ya wanafunzi, kampeni zinaanza wiki ya sita. Mwaka jana gari la spika lilikuja chini ya madirisha yetu saa kumi na mbili asubuhi bila mtu kujua. Mwaka huu bandikeni ratiba mlangoni siku moja kabla, saa na mahali, ili anayetaka kuondoka aondoke mapema.