Kopi Yenye Jina la Mwenyewe

Muhula uliopita insha yangu ya Falsafa ya Elimu ilirudi bila alama. Mahali pa alama mhadhiri aliandika maneno mawili tu: "Njoo ofisini." Nikaenda. Akaniwekea kidole kwenye aya ya pili.

"Mwalimu, hapa anayezungumza ni nani?" Sisi wa elimu tunaitwa walimu hata kabla hatujahitimu.

"Ni mimi, dokta."

Akanyamaza, akanitazama. Ukweli ni kwamba aya ile niliidesa kutoka kwenye makala ya mtu, nikabadilisha maneno mawili matatu. Nikapewa wiki moja niandike upya.

Wiki hiyohiyo mwenzangu wa chumbani, ambaye hupiga gitaa, alikuwa akiisikiliza asubuhi na jioni albamu ya Rolling Stones iitwayo Blue & Lonesome. Nikamwambia hawa wazee wanajua kutunga. Akacheka sana. "Humo hakuna hata wimbo mmoja waliotunga wao. Kopi tupu!" Nikajiuliza: mbona wao wanasifiwa kwa kopi, na mimi nimeitwa ofisini?

Tuanze na historia kidogo. Oktoba 1961, Mick Jagger na Keith Richards, waliosoma pamoja shule ya msingi, walikutana tena kwenye stesheni ya treni ya Dartford, Uingereza. Jagger alikuwa amebeba santuri za Chuck Berry na Muddy Waters. Urafiki ukaanza upya hapo. Bendi ilipozaliwa London mwaka 1962, jina lake lilitoka kwenye wimbo wa Muddy Waters. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1964, karibu yote ilikuwa nyimbo za watu wengine. Yaani walijifunza kwa kupiga kopi, kutunga kukafuata.

Sasa ruka hadi Desemba 2015. Waliingia studio London kurekodi nyimbo zao mpya, lakini mlio haukukaa sawa. Ili kukizoea chumba, wakapiga wimbo wa zamani wa bluzi uliowahi kurekodiwa na Little Walter. Huo ukakaa. Wakaongeza mwingine, na mwingine. Kwa siku tatu wakapata nyimbo 12, zote za bluzi ya Wamarekani Weusi, za watu kama Howlin' Wolf, Jimmy Reed, Magic Sam na Willie Dixon. Albamu ilitoka Desemba 2016, na mwaka 2018 ikapata tuzo ya Grammy.

Kwa sisi wanafunzi, naona masomo matatu.

Kwanza, kuiga si dhambi. Mtoto hujifunza herufi kwa kufuatisha mwandiko wa mwalimu wake. Tatizo ni kuiga halafu kujifanya hukuiga.

Pili, jina si pambo. Mwaka 1965, Rolling Stones walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Shindig! huko Marekani, walitaka Howlin' Wolf naye aalikwe. Akaja, akaimba, na wao wakakaa wakimtazama. Lakini tusiwafanye malaika. Mwaka 1969 walirekodi wimbo wa Robert Johnson bila jina lake kuandikwa kama mtunzi. Wenzao Led Zeppelin walishtakiwa na Willie Dixon mwaka 1985 kwa sababu ya "Whole Lotta Love", wakamalizana naye nje ya mahakama. Jina la mtunzi likikosekana kwenye jalada, mrabaha nao unakosa pa kwenda. Watu wengi wa bluzi hawakuwa na utajiri wowote, kwa hiyo kusahau jina lao kulikuwa kugusa mkate wao.

Tatu, ukikwama, rudi kwa walimu wako. Wale walikuwa wazee wenye miaka zaidi ya 50 kazini, na bado hawakuona aibu.

Nikairudia insha. Nilipoweka jina la kila mwenye wazo, nikagundua jambo la kutisha: katika kurasa sita, sentensi zangu mwenyewe zilikuwa nne. Nne! Ila baada ya kuandika "mwandishi huyu anasema", nilijikuta nauliza, "na mimi nasemaje?" Kumbe sikubaliani naye. Aya niliyoidesa ndiyo niliyoipinga kwa ukurasa mzima. Alama zilikuja za wastani, lakini safari hii zilikuwa zangu.

Zoezi: chukua asainimenti yako ya mwisho. Pigia mstari kila wazo ulilolikuta kwa mtu, kisha andika pembeni jina lake. Halafu hesabu sentensi zilizobaki bila mstari. Hapo ndipo wewe unapoanzia.