Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama

Mwaka 2009 kituo cha televisheni cha Discovery Channel nchini Marekani kilianza kuonyesha kipindi kiitwacho The Colony. Watu wa kujitolea waliwekwa katika ghala kuukuu mjini Los Angeles, wakaishi kana kwamba mji umeangamia: hapana umeme, hapana maji ya bomba, hapana duka. Mojawapo ya kazi zao za awali ilikuwa kuchota maji ya mto upitao mjini, kuyachuja kwa mchanga na makaa, na kuyachemsha. Maafa yale yalikuwa ya kubuni, lakini somo lake ni la kweli. Kwa nini kuchuja peke yake hakutoshi?

Mchanga huzuia matope na takataka, kwa kuwa nafasi zilizo baina ya chembe zake ni finyu. Makaa yana vitundu vidogo visivyohesabika, na kwenye kuta zake hunata baadhi ya vitu viletavyo harufu na ladha mbaya. Lakini bakteria aghalabu hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Wengi hupenya mchanga mpya bila taabu. Maji yaweza kung'aa kama kioo, na bado yakabeba kipindupindu.

Mwanafunzi atauliza: mbona miji huchuja maji yake kwa mchanga? Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, Ujerumani, ambako watu walikunywa maji ya mto Elbe yasiyochujwa. Mji jirani wa Altona, uliochuja maji ya mto uo huo kwa mchanga, ulinusurika kwa kiasi kikubwa. Katika chujio la namna hiyo maji hupita polepole, na juu ya mchanga hujengeka utando wa viumbe hai wadogo unaonasa na kuangamiza bakteria. Utando huo huhitaji siku nyingi kukomaa. Chujio lililotengenezwa asubuhi halinao jioni.

Kwa hiyo moto hauna budi kukamilisha kazi. Maji yatokote kwa dakika moja. Penye mwinuko uzidio meta 2,000, ambapo maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100 za Sentigredi, yatokote kwa dakika tatu. Ikumbukwe kwamba moto huua viini vya maradhi, hauondoi sumu. Maji yaliyochanganyika na petroli au kemikali za viwandani yasinywewe hata yakichemshwa.

Zoezi: Kata kitako cha chupa ya plastiki, uigeuze, ujaze kokoto, makaa yaliyopondwa na mchanga uliooshwa. Pitisha maji ya matope. Eleza kilichobadilika, kisha utaje kile ambacho macho hayawezi kukithibitisha. Usiyanywe maji hayo.